Kabla Hujafomati, Vitu Vyako Viko Wapi?

Mteja akiniwekea kompyuta kwenye kaunta na kusema, "Dada, hii niwekee Windows mpya," simtajii bei. Namuuliza kwanza vitu vyake viko wapi. Wengi hushangaa. "Si viko humo humo?" Humo wapi? Basi tunaanza kutafuta pamoja, yeye kwenye kiti cha plastiki, mimi nikifungua folda moja baada ya nyingine, na kila folda inatoa kitu alichokuwa amekisahau: picha za harusi ya mdogo wake, barua za kuombea kazi, hati ya shamba la Msabaha iliyopigwa skani, ile faili ya zipu ya marejesho ya kodi ya mwaka jana.

Duka langu liko Malindi mjini, uchochoro mmoja nyuma ya soko la zamani. Mbele ni saiba, nyuma ni meza ya ufundi. Nilisomea uhazili, nikaanza kwa kuwapigia watu chapa, na mashine zilipoharibika hakukuwa na fundi wa karibu, nikajifunza mwenyewe. Siku hizi kazi ya chapa imepungua. Kinachonilisha ni watu wanaotaka kufomatiwa, hasa mwezi wa Juni, foleni ya iTax, tovuti ya kodi, inapofika barazani na kila mtu anataka kuwasilisha marejesho kabla ya tarehe 30. Mashine zilizokuwa zikijikongoja mwaka mzima huchagua wiki hiyo kulala kabisa.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachofanyika. Windows ni mfumo endeshi, na Ubuntu vilevile, na Android iliyo kwenye simu yako. Ndiyo programu inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe, inayosoma diski, inayopokea unachoandika kwenye kibodi na kukionyesha kwenye skrini, na inayozipa nafasi programu nyingine kama Word na Chrome. Kuiweka upya ni kuifuta iliyopo na kuandika nyingine safi mahali pake. Lakini diski inayofutwa ndiyo hiyo hiyo iliyobeba picha za harusi.

Windows 10 na 11 zina njia nyepesi, ndani ya mipangilio, ya kuuanzisha mfumo upya na kuziacha faili zako zilipo. Programu ulizoongeza zinaondoka, faili zinabaki. Ni njia nzuri na mimi huitumia, ila hata hapo nakala ya akiba lazima iwe imeshatolewa, maana stima ikikatika katikati ya kazi hakuna anayekuhakikishia chochote.

Nakala hiyo watu huichukua nusu nusu. Wanakumbuka folda ya Documents, wanasahau kwamba vile vitu vilivyotapakaa kwenye uso wa skrini navyo viko kwenye diski ile ile na vitafutika navyo. Wanasahau Downloads, ambako ndiko kila barua iliyopakuliwa huishia. Wanasahau maneno ya siri waliyoyaachia kivinjari kiyakumbuke kwa niaba yao. Wenye biashara ndio walio hatarini zaidi. Duka moja la vifaa vya ujenzi huko Mtwapa lilikuwa na daftari lote la madeni, miaka na miaka, ndani ya folda ya programu yenyewe ya mahesabu, mahali ambapo mtu wa kawaida hana sababu ya kuchungulia. Mwenyewe alikuwa amenakili Documents kwenye flashi na kuja nayo mkononi, ametulia. Programu za namna hiyo huwa na kitufe chake cha kutoa nakala. Unakitumia hicho, kisha unaifungua nakala kwenye mashine nyingine uone kama majina ya wadeni yapo kweli. Flashi ambayo hujaifungua kwingine usiihesabu.

Kuna jambo la pili ninalouliza kabla ya kugusa chochote: mashine ina kufuli la BitLocker? Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hufunga diski zake zenyewe bila mwenyewe kujua, na ufunguo ni tarakimu 48. Kwa kawaida huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika mashine ilipoanzishwa. Kama akaunti hiyo ilikuwa ya ofisi uliyoacha kazi, au ya kijana wa dukani aliyekusaidia kuiwasha, tafuta ufunguo leo, mashine ikiwa bado inafunguka. Ikishagoma, hakuna fundi kutoka Lamu mpaka Lungalunga atakayeyapata yaliyomo.

Chumvi haifomatiki

Mashine nyingi zinazoletwa kwangu zifomatiwe hazihitaji kufomatiwa. Nasema hivyo nikijua najikata riziki.

Kuna hili la saa. Mteja anakuja analalamika kwamba intaneti yake imekufa: eCitizen haifunguki, iTax haifunguki, kila tovuti inamwonya kuwa si salama. Ameshaambiwa kwingine kwamba ni virusi, dawa yake ni fomati. Natazama pembeni ya chini ya skrini, saa inasema tuko mwaka 2012. Tovuti hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na mashine inayoamini kuwa ni 2012 huviona vyeti vyote vya leo kuwa bado havijaanza kutumika, ikavikataa. Kilichokufa ni betri ya duara iliyobandikwa kwenye bodi kuu, imeandikwa CR2032, ambayo hutunza saa wakati mashine imechomolewa. Mafundi wa saa za mkononi wanazo. Unabadilisha betri, unarekebisha tarehe, tovuti zinafunguka, na Windows haijaguswa.

Halafu ndiyo bahari. Kusi likivuma, tangu Aprili hivi mpaka Septemba, upepo hubeba matone madogo yasiyoonekana ya maji ya chumvi na kuyaingiza ndani ya kila kitu chenye feni. Chumvi huvuta unyevu wa hewani. Chumvi na unyevu vikikaa juu ya shaba inayopitisha stima, shaba huliwa na kugeuka kijani. Niliwahi kuletewa kompyuta ya mezani kutoka ofisi moja upande wa Gongoni, huko kwenye viwanda vya chumvi. Ukiiwasha ililia mlio mrefu, ikanyamaza, skrini nyeusi. Skrubu za nyuma zilikuwa na kutu hata bisibisi haikupata pa kushika. Ndani, vile vijino vya dhahabu vya RAM vilikuwa vimefunikwa na utando wa kijivu, na kwenye pawasaplai kulikuwa na mjusi kafiri mkavu, amekwama kati ya waya na feni. Nilimtoa mjusi kwa kibano. Nilichomoa RAM, nikavisugua vijino kwa ufutio wa mwanafunzi, ule mweupe laini, polepole na kwa kuelekea upande mmoja, nikavipangusa kwa pamba yenye spiriti, nikairudisha. Ikawaka. Kijana aliyeileta alikuwa ameagizwa aiwekee Windows. Mashine inayolia kabla hata ya kuonyesha nembo ya kiwanda bado haijaifikia Windows, kwa hiyo Windows haina kosa.

Wapo wanaoniambia kuwa pwani si mahali pa vyombo vya elektroniki. Huwa nawaelekeza Ngomeni, kilomita chache tu kutoka huko huko Gongoni. Tangu miaka ya 1960 Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi likiwa limesimama ndani ya bahari, na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei angani iliondokea hapo. Ikapewa jina Uhuru kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Chumvi inavumilika. Kompyuta isiwekwe mkabala na dirisha linalotazama bahari, ifunikwe kwa kitambaa ikiwa imezimwa na imepoa, ifunguliwe na kupulizwa vumbi kabla kusi halijaanza na tena likishapita. Iwashwe pia mara kwa mara: mashine iliyofungiwa kabatini miezi mingi, kama za nyumba za wageni wa Watamu ambao huja msimu mmoja kwa mwaka, huoza upesi kuliko ya saiba inayowaka kutwa, kwa sababu joto la kazi hukausha unyevu.

Sababu nyingine ya ule uzito ambao watu hudhani ni Windows kuchakaa ni diski. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaosoma juu yake bila kugusa. Ipakie laptopu yenye diski hiyo kwenye bodaboda, ikiwa haijazimwa vizuri, kutoka Kakuyuni mpaka mjini kwa barabara ya matuta, na mkono huo utagonga sahani. Kuna programu za bure zinazosoma ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe. Ripoti ikionyesha kuna sehemu zilizokufa na zinaongezeka, nanakili kilichomo siku hiyo hiyo na kuitoa. Kuweka Windows mpya juu ya diski inayokufa ni kupaka chokaa ukuta unaonyonya maji. Badala yake weka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani yake. Mashine ya 2014 iliyokuwa ikichukua dakika nzima na zaidi kuamka itaamka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Ukiongeza RAM kutoka GB 4 kwenda 8, mara nyingi yule aliyekuja kununua laptopu mpya hurudi nyumbani na ile ile ya zamani.

Prosesa yako ni ya kizazi gani?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitunza Windows 10, iliyokuwa imetoka Julai 2015. Haikuzimika. Inafungua Word, inacheza filamu. Kilichokoma ni masasisho ya usalama ya bure kwa wote, yaani yale matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyavumbua kila mwezi hayazibwi tena. Mwenye kompyuta ya nyumbani amepewa muda wa ziada mpaka tarehe 13 Oktoba 2026 akijiandikisha, kwa dola 30, au bila malipo akikubali mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe kwenye akaunti yake ya Microsoft. Mwenye kudhani haya ni maneno ya kutishia watu akumbuke Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipozifunga kompyuta katika nchi kama 150 na kudai fidia. Tundu lililotumika lilikuwa limeshazibwa na Microsoft mwezi wa Machi, na waliofungiwa wengi ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimesasishwa.

Windows 11 nayo ina masharti: RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na, hapa ndipo penye mgogoro, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au ya AMD ya rika hilo. Sisi huku tunaishi kwa kompyuta za Ex-UK, zilizotumika ofisini Ulaya miaka kadhaa, zikauzwa kwa mkupuo, zikashuka Mombasa na Nairobi, zikafika kwetu. Ni mashine imara, na kwa kweli naziamini kuliko laptopu mpya za bei ya chini za plastiki. Ila mzigo mkubwa uliomo madukani ni wa kizazi cha 4 mpaka cha 7.

Kizazi husomwa kwenye jina la prosesa. Bofya kulia kwenye kitufe cha Windows, chagua System, utaona mfano i5-6300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6: kizazi cha 6, Windows 11 haiitambui rasmi. Ikiandikwa i5-8350U, ni cha 8, inaingia. Kwa hiyo HP EliteBook 840 G3 haimo na 840 G5 kwa kawaida imo. Lenovo T460 haimo, T480 kwa kawaida imo. Kwa macho, mashine hizi zinakaribiana sana na muuzaji anaweza kukutajia "Core i5" tu akanyamaza. Core i5 zimekuwepo tangu 2009. Mwambie aiwashe, usome mwenyewe.

Kuna ujanja wa kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye prosesa ya kizazi cha 6, mafundi wote tunaujua, na hufanya kazi. Microsoft hawakuahidi kuzisasisha mashine hizo, basi namweleza mteja hivyo hivyo na yeye anaamua. Kwa mwanafunzi wa Pwani University anayeandika ripoti, anayesoma PDF na kuingia mtandaoni, mimi huweka Linux Mint au Ubuntu. Ni za bure, hazijali kizazi cha prosesa, na unaweza kuzionja moja kwa moja kutoka kwenye flashi kabla hazijagusa diski yako. Ubuntu ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na matoleo yake ya muda mrefu hutunzwa miaka mitano. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na Microsoft nao hawakukaa mbali, wakatoa tafsiri ya Kiswahili ya Windows XP. Wateja wangu wengi hata hivyo wakiona menyu za Kiswahili huniomba niwarudishie Kiingereza walichokizoea. Siwalaumu, ndicho walichosomea kompyuta.

Mwenye saiba simshauri Linux. Fomu za kodi za KRA za kujaza nje ya mtandao ni faili za Excel zenye vijiprogramu ndani yake, na LibreOffice, programu za ofisi zinazokuja na Linux, hujikwaa hapo.

Kuhusu kazi yenyewe ya kuweka sitakawia. Unahitaji flashi ya GB 8 isiyo na kitu unachokipenda, na mfumo wenyewe uliopakuliwa kwenye tovuti ya wenyewe. Windows 11 inapita GB 5, Linux Mint ni kama GB 3, kwa hiyo usipakue kwa bando la simu, njoo saiba. Kabla ya nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, kufika Mombasa mwaka 2009, mzigo huo ungekuwa kazi ya siku nzima kwa mtandao wa setilaiti, tena wa kulipia kwa uchungu. Chomeka flashi, washa mashine huku ukigongagonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia: F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo. Ukifika kwenye orodha ya sehemu za diski, soma ukubwa wa kila moja kabla ya kufuta, hasa kama kuna diski ya pili au flashi nyingine imechomekwa. Diski ya nje yenye nakala yako iwe imechomolewa na iko ndani ya droo.

Mambo mawili huwakwamisha watu baada ya hapo. La kwanza, Windows mpya haioni Wi-Fi kwa kukosa draiva, na draiva iko mtandaoni. Chomeka simu yako kwa waya wa USB na uigawie mashine intaneti ya simu. Hiyo Windows kwa kawaida huitambua papo hapo, kisha itajitafutia draiva zilizobaki. La pili ni leseni. Tangu Windows 8 ya 2012, mashine zilizouzwa na Windows kutoka kiwandani hubeba ufunguo wake ndani ya bodi kuu. Ukiweka toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, itajitambua yenyewe ikifika mtandaoni. Kwa hiyo Ex-UK nyingi zina leseni halali tayari, na bado watu hulipia "kuactivate", wakapigiwa kijiprogramu cha wizi ambacho sharti lake la kwanza ni kuzima kinga ya virusi. Mimi sikiweki, na nimeshapoteza wateja kwa hilo.

Stima iwe ya uhakika. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima, nilikuwa na mashine mbili mezani katikati ya kazi. Laptopu ilimaliza kwa betri yake bila habari. Ya mezani ilishikiliwa na UPS kwa dakika chache, zikatosha kuizima kwa utaratibu tu, na siku ya pili kazi ilianza upya.

Ya mezani au ya kubeba?

Tofauti hiyo ya usiku ule ndiyo watu wengi huanzia wakiuliza wanunue ipi, na kwa nyumba isiyo na sola wala UPS inatosha kuamua: laptopu. Mwanafunzi anayehama kati ya bweni, maktaba na kwao Ganda, laptopu. Dada anayefanya kazi za mtandaoni usiku watoto wakilala, laptopu, lakini akiweza aongeze monita na kibodi ya nje, shingo yake itamshukuru. Asiiache kwenye chaja mchana na usiku katika joto letu la Februari. Nimetoa betri nyingi zilizovimba mpaka zikainua kibodi.

Ofisi, duka, mapokezi ya hoteli, mahali ambapo mashine haitoki kwenye meza yake, naenda na ya mezani. Kibodi ya mezani ikimwagikiwa na chai, unanunua nyingine kwa mia kadhaa. Kwenye laptopu ni kufungua mashine nzima, na pengine chai imeshafika kwenye bodi. Feni, pawasaplai, RAM, diski, kila kimoja kinachomoka peke yake na Mombasa vimejaa. Kitu nisichokipenda ni zile zenye skrini na mashine katika umbo moja. Zinapendeza kwenye kaunta, lakini kioo kikifa umepoteza vyote viwili.

Bei ya stima nayo ihesabiwe. Kompyuta ya mezani ya kawaida pamoja na monita yake hula karibu wati 100 ikifanya kazi. Laptopu hula 20 mpaka 30. Kwa mashine moja tofauti hiyo huioni kwenye tokeni. Kwa darasa zima inaonekana. Mwalimu mmoja wa sekondari upande wa Marafa alinijia mwaka huu, shule imepata mfadhili, wanataka laptopu 20. Tulikaa na karatasi. Kompyuta 20 za mezani za wati 100, saa sita kwa siku, ni yuniti 12. Laptopu 20 za wati 25 ni yuniti 3. Mwalimu akatabasamu, akadhani nimemuunga mkono.

"Lakini mwalimu," nikamwambia, "laptopu 20 zitalala wapi?"

Alikuwa na kabati moja lenye kufuli, na mlinzi mmoja mzee. Alikuwa pia na wanafunzi 40 ambao wangezifungua na kuzifunga hizo laptopu kila kipindi, na bawaba za laptopu ndizo hufa mwanzo shuleni. Nikamwonyesha kitu ambacho watu wengi hawakijui: zile kompyuta ndogo za ofisini za ukubwa wa kitabu kinene, OptiPlex Micro za Dell, EliteDesk Mini za HP, ThinkCentre Tiny za Lenovo. Zimejengwa kwa prosesa zinazokula stima kidogo na chaja ya nje ya aina ya laptopu. Pamoja na monita, kila moja hula wati 40 hivi. Hiyo ni chini ya yuniti 5 kwa darasa zima kwa saa zile zile sita, mzigo ambao sola ya shule inaubeba bila shida. Zinafungwa kwa skrubu chini ya meza au nyuma ya monita, kwa hiyo mwizi lazima aje na bisibisi na muda wa kutosha. Kibodi na mausi ni vya kawaida.

Tulibishana kuhusu mfumo. Mimi nilitaka Ubuntu pamoja na Kiwix, programu inayokuwezesha kusoma Wikipedia nzima bila intaneti, ya Kiswahili ikiwemo, kwa sababu mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Mwalimu akanikumbusha kuwa karatasi ya pili ya Masomo ya Kompyuta kwenye mtihani wa KCSE ni ya vitendo, na wanafunzi wake wameandaliwa kwa Microsoft Office. Hilo sikuwa na jibu nalo. Tukakubaliana Windows 11, kwa hiyo kizazi cha 8 kwenda juu, na Kiwix ikaingia vilevile, maana inakaa kwenye Windows bila ubaguzi. Mashine moja niliitengeneza kamili, nikaichukulia picha ya diski nzima, nikaimwaga picha hiyo kwenye zilizobaki. Moja ikiharibika mwalimu ana flashi ya kuirudisha kama ilivyokuwa siku ya kwanza, na wanafunzi watahifadhi kazi zao kwenye mashine yake yeye, hawataziacha kwenye zile za darasa. Laptopu ilinunuliwa moja tu, ya mwalimu mwenyewe.

Zimeshafika Marafa, lakini bado ziko kwenye maboksi. Nilipopima soketi za darasa lile nilikuta tundu la juu, la waya wa kwenda ardhini, halina kitu nyuma yake; aliyeziweka aliona waya mbili zinatosha. Fundi wa stima ameambiwa achimbie fimbo ya shaba na kuvuta waya wa tatu kwenye kila soketi. Mwalimu mkuu anasema gharama hiyo haikuwemo kwenye bajeti ya mfadhili, mwalimu wa kompyuta anasema wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanamuuliza kila asubuhi, na mimi nimewaandikia wote wawili kwamba sitawasha hata moja mpaka waya huo uwepo.